Frateri, Kupiganisha Mbwa ni Dhambi?



Ukipanda kutoka barabara kuu ya Moshi–Arusha kuja huku kwetu Nkoaranga, angalia mageti. Kabla hujafika kwenye migomba na kahawa zilizoshikana utakuwa umesoma mara kadhaa maneno yale yale mawili: MBWA MKALI. Mengine yamepigwa kwa stensili, mengine yameandikwa kwa brashi na rangi iliyobaki ya dirisha. Na mengine, tuseme ukweli, ndani hakuna mbwa kabisa. Mwenye nyumba ameandika woga wake mwenyewe kwenye bati.

Nimekuwa nikiwaza juu ya mbwa tangu nirudi nyumbani kwa likizo. Najua inachekesha. Mtu amesoma falsafa miaka mitatu, ameandika kurasa kibao juu ya kuwako na asili ya vitu, halafu anakuja likizo anawaza mbwa. Lakini vumilieni, kwa sababu swali lililonifikisha hapa limeulizwa na kijana mwenzenu, na nimeona si swali la mbwa peke yao.

Kwanza tukubaliane kwamba lugha yetu haijamtendea mbwa haki. Ukitaka kumtukana mtu mpaka apandwe na hasira, unamwita mbwa. Na bado usiku mwenye matusi huyo analala usingizi kwa sababu mbwa hajalala. Tunamfuga kwa ajili ya ulinzi, na tukishaamua kwamba kazi yake ni ulinzi, tunaanza kumtengeneza. Kitoto cha mbwa kinafungiwa bandani mchana kutwa ili kisizoee watu. Kuna wanaokipa pilipili. Kuna wanaokilisha nyigu, eti akili ya nyigu itaingia mbwani. Bwana mifugo yeyote atakwambia nyigu hamfanyi mbwa kuwa mkali. Kinachomfanya awe vile ni giza, njaa na kutojua binadamu ni nani. Wazee walisema umleavyo ndivyo akuavyo, na sijui kwa nini methali hiyo tunaikumbuka kwa watoto tu.

Sasa mjini Arusha mambo yamesogea mbele. Mbwa siyo mlinzi tu, ni sifa. Chalii ana mbwa wa kizungu mwenye kifua kama cha mcheza ngumi, anamtembeza jioni kwa mnyororo mnene kuliko unaohitajika, anampiga picha, anaweka stetasi. Mbwa wa aina hizo wana bei, watoto wao wana bei, na dume zuri linakodishwa kwa ajili ya kupandisha. Mpaka hapo mimi sina neno. Kufuga ni kazi halali, na mtu anayezalisha mbwa wenye afya, akawatibu na kuwauza kwa haki, anakula jasho lake.

Ila sifa haitosheki na picha. Siku moja mtu atauliza: wako na wangu, nani zaidi?

Kijana mmoja wa kigango chetu aliniandikia. Ameniruhusu nieleze, bila jina. Ana mbwa chotara, mama yake wa kienyeji, baba yake pitibuli, amemlea tangu akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia. Jamaa wa mjini wamemwona huyo mbwa na wamemwita. Kuna uwanja nyuma ya nyumba ya mtu, kuna watu wanaoweka hela, na mwenye mbwa atakayeshinda anaondoka na laki mbili. Kijana hana kazi ya kudumu. Laki mbili kwake ni kodi ya miezi kadhaa. Akaniuliza hivi, nanukuu meseji yake: “Frateri, najua kupigana ni dhambi kwa watu. Ila mbwa mwenyewe anapenda. Akiona mbwa mwenzake anavuta mnyororo mpaka anakohoa. Mimi simlazimishi. Sasa kupiganisha mbwa ni dhambi?”

Ningeweza kumjibu “ndiyo” na kurudi kwenye kahawa yangu. Lakini ile hoja yake, kwamba mbwa mwenyewe anapenda, ni hoja ya mtu anayefikiri, na inastahili kujibiwa kwa kufikiri.

Tuanze na mbwa wasiofundishwa na mtu. Nenda soko la Tengeru mapema asubuhi, watazame mbwa koko wakigombania utumbo. Kelele nyingi, meno nje, manyoya yamesimama. Unaweza kudhani leo mmoja anakufa. Halafu ghafla mmoja anashusha mkia, anageuza uso pembeni, au analala chali na kuonyesha tumbo na koo. Na yule mwingine, ambaye sekunde moja iliyopita alikuwa kama shetani, anasimama juu yake, anaunguruma kidogo, kisha anaondoka. Imeisha. Koo liko wazi mbele ya meno, na meno hayafungi.

Ndugu zangu, hiyo ishara hawakufundishwa na mtu. Aliye dhaifu ana namna ya kusema “yatosha,” na aliye na nguvu ana masikio ya kulisikia neno hilo. Wanasayansi watakueleza faida yake kwa kizazi cha mbwa, na watakuwa sahihi. Mimi naona pia alama ya kidole cha Muumba. Hata kwenye kiumbe tunachokitumia kama tusi, Mungu ameweka njia ya kuomba amani na njia ya kuitoa.

Ishike hiyo picha mkononi, kwa maana kupiganisha mbwa, kwa namna ulimwengu ulivyokuja kuufahamu mchezo huo, kulianza hapo: kwa kuifuta ishara hiyo.

Huko Uingereza watu walikuwa na mchezo wa kuwachokoza mafahali na dubu waliofungwa kwa kuwatumia mbwa. Mwaka 1835 Bunge lao likaupiga marufuku. Lakini fahali ni mkubwa, huwezi kumficha. Mbwa wawili unaweza kuwaingiza kwenye chumba cha chini cha baa. Mchezo ukaendelea gizani. Wafugaji walichukua mbwa wa kukamata fahali, mzito wa taya, wakamchanganya na mbwa mdogo mwepesi wa kuwinda panya na wanyama wa mashimoni. Mbegu hiyo ikavuka bahari hadi Marekani, na mbwa tunayemwita pitibuli jina lake limetoka huko: piti ni lile shimo la kupigania.

Sikiliza namna walivyochagua. Katika shimo kulikuwa na mstari. Mbwa wakiachanishwa, mwenye mbwa anamshika wake nyuma ya mstari, kisha anamwachia. Swali ni moja tu: je, baada ya kuumia, atavuka tena kwenda kwa mwenzake? Akivuka, amesifiwa. Akisita, akigeuza uso, akishusha mkia, yaani akifanya kile ambacho mbwa wa Tengeru anafanya na kuokoka, huyo ameshindwa, na mara nyingi hakuishi kupata watoto. Waliozalishwa ni wale walioendelea. Fanya hivyo kizazi baada ya kizazi. Unachokipunguza kwenye damu ile si woga tu. Unapunguza uwezo wa kusema “yatosha,” na unapunguza uwezo wa kuusikia unaposemwa na mwingine.

Kwa hiyo, mdogo wangu, unaposema mbwa mwenyewe anapenda, mimi nakuuliza: nani alimfanya apende? Ukimfungia mtu maji siku tatu halafu ukampa tope akanywa, usiniambie anapenda tope.

Najua mtakachosema, maana nimeshaambiwa kwenye kundi letu la WhatsApp la VIWAWA. Mbona Pemba wanacheza na ng'ombe? Mbona Kakamega, Kenya, Waluhya wanapambanisha mafahali na watu wanajaa? Swali zuri. Pemba mchezo wa ng'ombe, ambao inasemekana uliachwa na Wareno, ng'ombe anachokozwa na vijana wanakimbia, kisha anarudi zizini akiwa hai. Kakamega fahali akizidiwa anageuka na kukimbia, na akikimbia mchezo umekwisha. Sisemi kila kitu huko ni sawa. Kuna pembe zinatoboa, na fahali naye akiumia anaumia. Lakini angalia tofauti. Kule anayekimbia ameruhusiwa kukimbia. Kwenye shimo la mbwa, kukimbia ndiyo hukumu yenyewe.

Kuna jambo jingine linaniuma zaidi ya damu. Ni sauti iliyo nyuma ya mstari.

Mbwa yule havuki kwa sababu anachukia. Hamjui mwenzake, hajamdhulumu kitu. Anavuka kwa sababu mtu wake yuko nyuma anamwita jina, anampigia makofi, anamwambia kamata, na tangu utotoni amejifunza kwamba sauti hiyo ikifurahi yeye anapata chakula na kupapaswa kichwa. Na mbwa hao walihitajika wawe wapole kwa watu, maana mshikaji anaingia shimoni na kumkamata mbwa aliyejaa damu kwa mikono yake. Kabla ya pambano mbwa aliogeshwa na mtu wa upande wa pili, ili isijulikane kwamba amepakwa sumu kwenye manyoya. Wenye mbwa hawakuaminiana wao kwa wao. Aliyeaminika mle ndani alikuwa mbwa peke yake, aliyetulia kwenye beseni akisuguliwa na mgeni.

Nilipokuwa nasoma Mtakatifu Augustino, nilifundishwa kwamba uovu hauna malighafi yake mwenyewe. Hauumbi kitu. Unachukua kilicho chema, unakipinda. Nilielewa kwa ajili ya mtihani. Nadhani nimekuja kuelewa vizuri zaidi kwa mbwa. Kupiganisha hakuhitaji mbwa mwovu. Mbwa mwovu angemuuma mshikaji. Kunahitaji mbwa mwaminifu. Uaminifu ndio unaotumika kama mnyororo.

Na Maandiko yanajua jambo hili. Soma Hesabu sura ya 22, habari ya Balaamu na punda wake. Balaamu anampiga mara tatu, na Mungu anapofungua kinywa cha yule mnyama, punda halalamikii maumivu tu. Anamkumbusha bwana wake siku zote alizombeba, anamuuliza kama aliwahi kumfanyia hivyo kabla. Yaani punda anajitetea kwa uaminifu wake. Na Malaika wa Bwana anasimama upande wa punda. Mimi nikisoma hapo huwa najiuliza mbwa wa kwenye uwanja ule wa mjini, akifunguliwa kinywa, atamwambia nini mtu wake mbele ya watu walioweka hela.

Labda mmesikia kesi ya Michael Vick. Alikuwa mchezaji nyota wa mpira wa Kimarekani, anayelipwa mamilioni. Mwaka 2007 iligundulika kwamba nyumba yake huko Virginia ilikuwa kambi ya kuzalisha, kufundisha na kupiganisha mbwa. Alikiri mahakamani. Waliopimwa wakaonekana hawana moyo wa kupigana waliuawa, wengine kwa kunyongwa, wengine kwa kuzamishwa majini. Desemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miezi 23, na mahakama ikamtaka alipe karibu dola milioni moja kwa ajili ya matunzo ya mbwa waliookolewa.

Kinachonigusa ni kilichofuata. Zamani mbwa wa namna hiyo walikuwa wanauawa wote baada ya kesi, kwa kuwa watu waliamini hawarekebishiki. Safari hii zaidi ya 40 walipewa nafasi. Ishirini na wawili, wale walioonekana wagumu zaidi, walipelekwa kwenye kituo huko Utah. Wengi wao walikuja kuishi majumbani mwa watu, kwenye makochi, pamoja na watoto. Shida yao kubwa, waliowatunza walisema, wengi haikuwa hasira. Ilikuwa woga. Walikuwa wanajibana sakafuni mtu akiingia.

Na Vick mwenyewe? Alitumikia kifungo, akatoka, na mwaka 2011 alisimama hadharani mjini Washington kuunga mkono sheria ya kuwaadhibu hata wale wanaokwenda tu kutazama mapambano ya wanyama. Kuna waliosema anasafisha jina. Mimi siujui moyo wake, na kusoma moyo si kazi ya frateri. Lakini mtu aliyekuwa ndani alijua mchezo unasimama juu ya nani: juu ya watazamaji.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoingia. Pengine huna mbwa. Pengine unaogopa mbwa. Ila klipu ikitumwa kwenye kundi unaifungua, unacheka, unaituma mbele na vikatuni vya moto. Unasema, mimi nimeangalia tu.

Augustino ana rafiki yake mmoja, Alipio, anayemsimulia katika kitabu cha sita cha Maungamo. Alipio alikuwa kijana anasoma sheria Roma, na alichukia michezo ya kuuana uwanjani. Marafiki zake wakamkokota kwa masihara. Akawaambia mnaweza kuupeleka mwili wangu, lakini macho na roho yangu hamtavipata, nitakaa huko kama sipo. Akafumba macho kweli. Halafu mpiganaji mmoja akaanguka, uwanja mzima ukalipuka kwa kelele. Alipio akaona ngoja afungue kidogo, atazame na kudharau. Alipofungua, anasema Augustino, alijeruhiwa rohoni kuliko yule aliyeanguka alivyojeruhiwa mwilini. Hakugeuza tena uso. Akapiga kelele pamoja nao, na akaondoka na hamu ya kurudi, tena akiwaburuta wengine.

Kijana yule hakuwa mbaya. Alikuwa mzuri kuliko rafiki zake, na baadaye alibatizwa pamoja na Augustino na kuwa askofu. Ila masikio hayana kope. Na ona kilichomshinda: siyo damu, ni kelele za wenzake. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, tunasema. Lakini kunguru naye anajifunza kitu pale anapofurahi, na haendi nacho shambani tu, anakwenda nacho nyumbani. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliona hilo: anayezoea ukatili kwa wanyama, mkono wake unazoea, na kesho utakuwa kwa mtu. Ukitaka kujua kama ni kweli, msikilize mtazamaji anavyosema mbwa akisita. Maneno anayomwambia mbwa ni yale yale atakayomwambia mdogo wake aliyekataa kugombana shuleni, na mke wake siku atakapooa.

Hata hivyo, samahani kwa Mtakatifu Thoma, mimi nadhani hoja hiyo peke yake haitoshi. Ingekuwa dhambi ni ile tu inayomrudia binadamu, basi mbwa angekuwa gunia la mazoezi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakwenda hatua nyingine. Soma namba 2416 hadi 2418. Inaanza kwa kusema wanyama ni viumbe vya Mungu, na kwa kuwako kwao tu wanamtukuza, kwa hiyo tunawiwa kuwatendea kwa wema. Inaruhusu kuwatumia kwa chakula, mavazi na kazi. Kisha inasema kuwatesa au kuwaua pasipo sababu ya lazima ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Hadhi ya nani? Ya binadamu, mwenye kushika mnyororo. Baba Mtakatifu Fransisko alilirudia fundisho hilo mwaka 2015 katika Laudato Si'.

Na si mafundisho ya juzi. Tarehe 1 Novemba 1567 Papa Mtakatifu Pius V alitoa hati ya kupiga marufuku michezo ya kupigana na mafahali na wanyama wakali. Alitishia watawala wakatoliki kwa kutengwa na Kanisa, na akaamuru anayekufa mchezoni asizikwe kwa maziko ya Kanisa. Aliiona kuwa michezo ya mashetani, siyo ya binadamu. Niwe mkweli kwenu: Wahispania hawakumsikia, na mwaka 1575 mrithi wake Gregori XIII akalegeza adhabu kwa walei. Wakatoliki tumekuwa na mazoea ya kupenda mchezo kuliko hati. Hapa kwetu tuna pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama, na mara ya mwisho kuisikia ikitajwa mtaani sikumbuki.

Wapo watakaosema: Frateri, watu wanalala njaa, wewe unahubiri mbwa. Ile ile namba 2418 imeshakutangulia. Inasema haifai kumwaga kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingepunguza shida za watu. Sasa piga hesabu ya uwanja ule wa mjini: bei ya mbwa, nyama yake kila siku, mnyororo, na hela zote zilizowekwa na watu ambao ada za watoto wao hazijalipwa. Mchezo huo unamnyima mbwa huruma na unamnyima mtoto daftari kwa jioni moja. Wanaobeti mikeka mnaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi.

Na isionekane kwamba nawachukia mbwa wenye nguvu. Hapa hapa chini yetu, Usa River, kuna kituo cha shirika la African Wildlife Foundation kinachofundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine. Mbwa wakakamavu, wenye hamu isiyoisha, wanaooanishwa na askari wao na kupelekwa bandarini na viwanja vya ndege. Mbwa wa namna hiyo akipata alichotafuta, mshahara wake ni mpira. Basi. Anatupiwa mpira na anacheza na mtu wake. Ni uaminifu ule ule, pua ile ile, ukaidi ule ule wa kutokata tamaa, umepewa kazi inayofaa.

Halafu kuna Grigio. Vijana wa Don Bosco mnamjua. Miaka ya 1850 mjini Torino, Don Bosco alikuwa na maadui waliotaka kumuua kwa sababu ya kazi yake. Likaanza kutokea jibwa kubwa la kijivu, linalofanana na mbwa mwitu, hakuna aliyejua linatoka wapi, likimsindikiza usiku. Chakula alipopewa hakula. Usiku mmoja alilala mlangoni akanguruma na kumzuia Don Bosco asitoke, na baadaye ikajulikana kwamba njiani alikuwa ameviziwa. Lakini tukio ninalolipenda ni lile ambalo watu walimvamia Don Bosco njiani, na Grigio akawarukia. Wakaanza kulia: mwite mbwa wako! Don Bosco akamwita. Na Grigio akaacha.

Mnaona? Kulikuwa na mtu aliyesema “yatosha,” na kulikuwa na padre aliyetaka itoshe, na mbwa akasikia. Mbwa mwenye nguvu za kuua alirudishwa kwa neno moja kwa sababu aliyemwita hakutaka damu.

Mdogo wangu wa kigango, sasa nakujibu wewe. Ndiyo, ni dhambi. Na kwa kuwa umeuliza kabla, bado una njia nyepesi: usiende. Watakucheka, watasema mbwa wako mwoga, na wewe mwoga zaidi. Acha waseme. Laki mbili ni nyingi, sikudharau. Nimeongea na mwenyekiti wa jumuiya, kuna kazi ya kuchimba msingi wa jengo la watoto, siyo laki mbili lakini inaanza wiki hii. Kama kuna mwingine anayesoma hapa ambaye ameshakwenda, ameshaweka hela au ameshamwachia mbwa nyuma ya mstari, kitubio kipo kila Jumamosi jioni kabla ya Misa, na huhitaji kumweleza padre pitibuli ni nini, ataelewa.

Mbwa mwenyewe usimfungie tena mchana. Mtembeze asubuhi kabla watu hawajawa wengi, mzoeze watoto wa jirani wakiwa nawe, na mbwa akikuangalia badala ya kumvutia mwenzake mnyororo, mpe kipande cha nyama hapo hapo. Itachukua miezi. Mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa, na uweke kadi yake. Nasema hili kwa uzito: ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi ni watu wa Afrika na Asia, wakiwemo watoto. Watu wanaoachanisha mbwa kwa mikono wanaumwa. Ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona mbwa atafanyaje.

Na ukipata muda usiku, fungua kitabu cha Tobiti. Ni kifupi. Kijana Tobia anasafiri safari ndefu na malaika Rafaeli ambaye hajui kwamba ni malaika, na mbwa anawafuata. Hakuna anachofanya mbwa huyo njia nzima, hapigani na mtu, halindi geti. Anakwenda nao tu. Wakati wa kurudi, katika tafsiri ya kale ya Kilatini, yeye ndiye anayetangulia mbio kufika nyumbani kwa wazazi waliokuwa wanalia, akitikisa mkia.